Tamthilia Jukwaani: Mambo ya Msingi ya Utendaji na Lugha Yake

Tamthilia ni utungo wa kifasihi ulioandikwa ili utendwe mbele ya watu. Ufafanuzi huu hukaririwa na kila mwanafunzi wa fasihi, lakini nusu yake ya pili husahaulika upesi. Darasani tamthilia husomwa kana kwamba ni riwaya iliyokosa msimulizi: wahusika huchambuliwa, dhamira hutajwa, tamathali huhesabiwa, na yale maneno yaliyotiwa kwenye mabano au kuchapwa kwa herufi za mlazo hurukwa. Mwigizaji hawezi kuyaruka. Kwake yeye, hayo ndiyo yanayomwambia aingie kwa mlango upi, aketi lini, amtazame nani. Makala haya yanaeleza mambo ya msingi yanayoitoa tamthilia kitabuni na kuifikisha jukwaani, pamoja na istilahi zake za Kiswahili, na yanakaa zaidi pale ambapo lugha yenyewe huwakwaza waandishi, wafasiri na walimu.

Andiko, onyesho na watu wake

Neno tamthilia limetokana na Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya mfano na kufananisha, na aghalabu hutumiwa kwa andiko. Mchezo wa kuigiza, au mchezo tu, hutumiwa kwa andiko na kwa utendaji pia. Ndiyo maana mtu husema "nimeusoma mchezo" na "nimeutazama mchezo" bila kubadili jina. Kuigiza ni mnyambuliko wa kuiga, na mwigizaji ni yule anayeutoa mwili na sauti yake ili mtu mwingine aonekane.

Jina linalohitaji tahadhari ni onyesho (au onesho, kama wanavyoandika wengi Tanzania siku hizi). Ndani ya kitabu, onyesho ni kipande cha tendo: tendo ndilo gawanyo kubwa, maonyesho ni migawanyo yake midogo. Nje ya kitabu, onyesho ni kule kuigizwa kwa mchezo mzima siku fulani. Kwa hiyo "onyesho la pili lilikuwa bora" ni sentensi yenye maana mbili: huenda msemaji anasifu kipande cha pili cha tendo la kwanza, huenda anasifu mchezo ulivyochezwa Jumamosi. Mhakiki anayeandika juu ya utendaji afadhali aseme "katika tendo la kwanza, onyesho la pili" anapotaja kitabu, na ataje siku anapozungumzia ukumbini. Wako pia waandishi wanaoliita gawanyo kubwa sehemu. Hakuna ubaya, ila mfasiri asichanganye mifumo miwili katika kitabu kimoja.

Mhusika na mwigizaji nao huchanganywa. Mhusika ni kiumbe wa andiko. Hazeeki wala hasahau maneno. Mwigizaji husahau, hukohoa, na huchelewa basi. Anayeandika kwamba mhusika mkuu "aliboronga katika tendo la tatu" amesema jambo tofauti kabisa na anayeandika kwamba mwigizaji wake aliboronga.

Anayesimamia tafsiri nzima ya mchezo jukwaani huitwa mwongozaji, na Kenya huitwa mwelekezi mara nyingi zaidi. Kumwita mkurugenzi kunaeleweka, lakini neno hilo limezoea ofisi na bodi, na huleta picha ya meza badala ya jukwaa. Mtayarishaji hushughulikia fedha, ukumbi na vibali. Msimamizi wa jukwaa hutajwa kwa nadra katika vitabu vya shule ingawa kazi yake ni nzito: yeye ndiye mwenye nakala ya mchezo iliyoandikwa pembeni kila ishara ya taa, ya sauti, ya pazia, ya mwigizaji kuingia. Mazoezini amri ni ya mwongozaji. Mchezo ukishaanza mbele ya watu, amri huhamia kwa msimamizi wa jukwaa, na mwongozaji mwenye busara huenda kukaa na watazamaji.

Jukwaa na pande zake

Si kila jukwaa ni sakafu iliyoinuliwa yenye pazia. Liko jukwaa linalotazamwa upande mmoja tu, kama picha iliyo ndani ya fremu. Liko linalochomoza katikati ya watazamaji na kuzungukwa pande tatu. Na uko uwanja unaozungukwa pande zote, kama ilivyo katika ngoma. Ukumbi wa Kenya National Theatre uliofunguliwa Nairobi mwaka 1952 ni wa aina ya kwanza. Robo karne baadaye, si mbali sana na hapo, wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, walijijengea ukumbi usio na paa wakaigiza Ngaahika Ndeenda, mchezo wa Kikuyu wa Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Mazoezi yenyewe yalifanyika wazi. Majirani walikaa wakatazama, wakasahihisha nyimbo na namna ya kutembea kwa wazee. Serikali iliondoa kibali mnamo Novemba 1977, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Mchezo ule ule ungechezwa ndani ya kuta, mazoezi yakiwa ya faragha, ungekuwa mchezo mwingine. Mahali pa kuigizia huamua nani ataona, atakaa karibu kiasi gani, na kama ataweza kujibu.

Kwenye jukwaa la upande mmoja huzuka swali la kulia na kushoto. Kulia kwa nani? Desturi inayofuatwa katika tamthilia za Kiingereza, na ambayo wafasiri wetu huirithi, ni kuhesabu kutoka kwa mwigizaji anayewaelekea watazamaji. Kulia kwake ni kushoto kwa aliyeketi ukumbini. Kiswahili kina matatizo yake hapo. Neno kulia ni pia kitenzi, na maelezo kama "Anakwenda kulia" yamewahi kumwacha mwigizaji mgeni akitafuta machozi. Andika "upande wa kulia wa jukwaa", na mwanzoni mwa kitabu eleza mara moja kwamba pande ni za mwigizaji.

Wafaransa wamelikwepa tatizo hili kwa njia yao. Wao husema upande wa bustani na upande wa ua, kwa kumbukumbu ya ukumbi wa kasri la Tuileries mjini Paris, ambako upande mmoja wa jukwaa ulielekea bustani na mwingine ua wa kasri. Bustani ni kulia kwa mwigizaji, ua ni kushoto kwake. Mfasiri wa Kongo au Burundi anayefanyia kazi andiko la Kifaransa ajihadhari: mhusika "anayetoka upande wa bustani" huenda yuko gerezani, na hakuna ua hata moja karibu.

Mbele na nyuma ni mtego mwingine. Zamani majukwaa mengi ya Ulaya yalijengwa kwa mteremko, nyuma pakiwa juu kuliko mbele, ili walioketi chini waone vizuri. Ndiyo sababu Kiingereza hadi leo huita sehemu ya nyuma ya jukwaa "juu" na ya mbele "chini". Ukiyafasiri maneno hayo neno kwa neno unapata "juu ya jukwaa", ambalo kwa Kiswahili ni popote pale jukwaani. Na ukisema "nyuma ya jukwaa" umemtoa mwigizaji nje kabisa, kule wanakobadilishia nguo. "Mbele ya jukwaa" vivyo hivyo humshusha hadi kwenye viti. Maneno salama ni "sehemu ya nyuma ya jukwaa" na "sehemu ya mbele ya jukwaa". Ni marefu, lakini hakuna atakayeanguka.

Maelezo ya jukwaa

Hapa ndipo Kiswahili huonyesha utajiri wake na hila zake. Chukua kitenzi kutoka. Jua hutoka linapochomoza. Mgeni hutoka anapoondoka. Kitenzi kimoja kinabeba kujitokeza na kwenda zake. Sasa soma: "Mzee anatoka nyumbani." Ikiwa nyumba imesimamishwa pembeni mwa jukwaa, mzee huyu ndiyo kwanza anaonekana. Soma tena: "Mzee anatoka." Huyu ametoweka machoni petu. Kanuni iliyokubalika ni kwamba kuingia na kutoka, visipotajiwa mahali, huhesabiwa kutoka kwenye jukwaa: aingiaye anaonekana, atokaye haonekani tena. Lakini mahali pakitajwa, kanuni huyumba, na waandishi makini hutumia "anatokea" kwa anayejitokeza ("anatokea mlango wa nyuma") na "anaondoka" kwa anayekwenda. "Wanatoka" nalo halitoshi ikiwa jukwaani wamo watu watano. Wote, au wawili waliokuwa wakizungumza? Ni bora "wote wanaondoka isipokuwa mama".

La pili ni nafsi ya tatu. Kiambishi a- hakibagui mwanamume na mwanamke. Mfasiri akikuta katika lugha nyingine kwamba mwanamume anampa mwanamke barua na mwanamke anaisoma, halafu akaandika "Anampa barua. Anaisoma", ameondoa habari iliyokuwamo. Mwongozaji hatajua karatasi ibaki mkononi mwa nani. Dawa ni kurudia jina bila kuona haya; maelezo ya jukwaa hayashindanii tuzo ya mtindo.

La tatu ni viambishi vya wakati na hali, na hapa Kiswahili kinazipita lugha nyingi kwa usahihi. Linganisha maelezo haya matatu yanayotangulia maneno yale yale, "Basi nenda":

MAMA: (Anakunja kanga.) Basi nenda.
MAMA: (Akikunja kanga.) Basi nenda.
MAMA: (Amekunja kanga.) Basi nenda.

Katika la kwanza mama anakunja kanga, anamaliza, ndipo anasema. Kimya kinatangulia ruhusa, na hadhira ina nafasi ya kushuku kwamba hataitoa. Katika la pili mikono na kinywa vinafanya kazi pamoja. Ruhusa inatolewa kama jambo dogo, au mama anajitahidi ionekane hivyo. Katika la tatu kanga imekwisha kukunjwa, na huenda imekwisha kutiwa kwenye mfuko wa safari. Mama watatu tofauti, kwa silabi moja. Mwalimu anayetaka wanafunzi waelewe kazi ya -na-, -ki- na -me- hatapata zoezi bora kuliko kuwasimamisha watatu mbele ya darasa na kanga moja.

Vitenzi vya mkao vinadai uangalifu wa pekee. "Pazia linapofunguliwa, mzee anaketi" humwambia mwigizaji aanze akiwa amesimama kisha akae. "Mzee ameketi" humkuta tayari kitini. Wafasiri huteleza hapa mara nyingi, kwa kuwa Kiingereza hutumia kitenzi kile kile kwa tendo na kwa hali. "Anasimama" lina utata zaidi: kwa aliyeketi ni kuinuka, kwa anayetembea ni kusita. Andika "anainuka" au "anasita".

Mto juu ya mbao

Vipengele vingine vya utendaji, yaani mandhari, mwanga, sauti, maleba na vifaa, hueleweka vizuri zaidi vikitazamwa vikifanya kazi pamoja kuliko vikiorodheshwa. Mfano mzuri ni tukio moja lililomo katika Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969 kuhusu Vita vya Maji Maji (1905–1907).

Masimulizi ya wazee yaliyokusanywa na wanahistoria katika miaka ya 1960 yanasema kwamba Kinjeketile, huko Ngarambe, alichukuliwa na pepo yapata saa tatu asubuhi, akatambaa kwa tumbo, mikono ameinyoosha, hadi akazama majini. Ndugu zake walilala ukingoni wakimsubiri. Waliojua kuogelea walipiga mbizi wasimwone. Kesho yake, saa tatu ile ile, akaibuka mzima, nguo zake zikiwa kavu. Hussein ametahadharisha kwamba mhusika wake si Kinjeketile wa historia, lakini kuzama na kuibuka kumo katika mchezo, na mwongozaji anakabiliwa na mto, usiku mzima, na nguo kavu, vyote katika dakika chache na juu ya mbao.

Mto kwanza. Wako wanaotandaza kitambaa cha buluu na kukitikisa ncha zote mbili. Huonekana vizuri kwa sekunde kumi, kisha hadhira huanza kutazama kitambaa. Wengine huuweka mto ukingoni mwa jukwaa kwa mbele, watazamaji wakawa ndio maji. Nyuso za wanaongoja huonekana vizuri mno, ila mzamaji hana pa kujificha. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, mto ukae nje ya jukwaa, upande mmoja, usionekane kabisa. Kinjeketile anavutwa hadi huko, na kuanzia hapo mto unaishi katika macho ya wanaoutazama. Sharti lake ni moja: waigizaji wote watazame mahali pamoja. Mmoja akitazama hatua mbili kando, mto umegawanyika.

Kisha usiku. Tamthilia nyingi za karne ya 20 hubadilisha wakati kwa maneno mawili: "Taa zinazimika." Ni agizo la ukumbi wenye umeme na madirisha yanayofungika. Mchezo ukichezwa katika bwalo la shule saa nane mchana, hakuna taa itakayozimika. Lakini usiku hauhitaji giza. Mtu mmoja akichochea moto, mwanamke akimfunika mtoto, mwingine akasinzia na kushtuka, ngoma ya mbali ikapungua hadi kimya, watazamaji watakuwa wameingia usiku huku jua likiwawakia. Mwanga ni njia moja ya kuonyesha wakati. Mwili wa mwigizaji na sauti ni njia nyingine, na hazikatiki.

Nguo kavu ndilo jambo gumu kuliko yote, kwa sababu mwigizaji hakuwahi kulowa, na hadhira inajua. Ukavu wake hauonekani. Hapa masimulizi ya wazee yanamsaidia mwongozaji: palikuwa na mpiga mbizi. Huyo akirudi jukwaani amemwagiwa ndoo nzima nyuma ya pazia, nguo zimegandamana mwilini, maji yanachuruzika mbaoni, hadhira itakuwa imeuona mto kwa mara ya kwanza. Kinjeketile akiibuka baadaye na kupita kwenye dimbwi lile lile akiwa mkavu, hakuna haja ya mtu kutamka neno. Ndoo moja ya maji imefanya kazi ambayo mandhari yaliyochorwa kwa gharama kubwa yasingeifanya.

Maleba na vifaa

Maleba ni mavazi na mapambo ya mwili ayavaayo mwigizaji; si kila nguo ni maleba, ni ile tu iliyochaguliwa imhudumie mhusika. Maleba husema cheo, umri na zama kabla mdomo haujafunguka, na hukanusha pia: saa ya mkononi kwa mkulima wa mwaka 1905 itacheka peke yake mchezo mzima. Kanga inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu ina maandishi, na safu za mbele zitayasoma. Mwigizaji aliyevaa kanga yenye jina la mipasho katika onyesho la msiba amesema maneno ambayo mtunzi hakuyaandika.

Vifaa vya jukwaani ni vitu vinavyoshikwa au kutumiwa: barua, mkuki, kikombe. Kuna michezo ambamo kifaa ndicho kiini. Katika Nguzo Mama ya Penina Muhando (1982) wanawake wa kijiji wanahangaika kuisimamisha nguzo. Nguzo halisi ya mti ingewavunja migongo kabla ya wiki kwisha, basi hutengenezwa nyepesi, na uzito huigizwa. Uzito ulioigizwa una kanuni zake: miguu hutanuka kabla ya mikono kuinua, pumzi huzuiwa, na wote hulemewa kwa wakati mmoja. Mmoja akiisogeza kwa kidole kimoja ili apite, hoja nzima ya mchezo imeporomoka.

Sauti na hadhira

Mazoezi huanza kwa kusoma pamoja, hufuata kusimama na kitabu mkononi ili kupanga mwendo, kisha bila kitabu, na mwisho zoezi lenye maleba, taa na vifaa vyote bila kukatizwa. Jambo moja la lugha lipewe muda wake tangu siku ya kwanza. Mkazo wa Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi ya mwisho hufifia. Tena huangukia pale pumzi inapopungua. Lakini mwishoni mwa kitenzi ndipo ilipo alama ya kutendwa. Kati ya "alipiga" na "alipigwa", kati ya "wameua" na "wameuawa", tofauti iko kwenye silabi ambayo mwigizaji mchovu huimeza. Aliyeketi safu ya nyuma asipoisikia, hatajua nani amekufa.

Hadhira hutokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kuwapo, nalo ni sahihi kuliko watazamaji au wasikilizaji, kwa kuwa linawataja kwa lile wanalolifanya kwanza. Kuwapo kwao hubadili kasi ya mchezo. Kicheko kikizuka, mwigizaji hungoja kianze kushuka ndipo aseme, wala hasubiri kife. Akiwahi, maneno yake yanazama, akichelewa, yanaanguka mahali pakavu. Hilo halifundishiki katika chumba kitupu, na ndiyo sababu mwongozaji mzoefu hukaribisha watu wachache, hata wapishi na walinzi, katika mazoezi ya wiki ya mwisho. Msimamizi wa jukwaa huwa na kalamu ya risasi siku hizo, na pembeni mwa nakala yake huandika: hapa walicheka, ngoja.